Titi Linapouma na Mtoto Ameshakua

Leo nazungumza na mama ambaye mtoto wake ameshaota meno, anatembea kwa kushikilia viti, anakula ugali pamoja na wakubwa, na bado ananyonya. Mama wa mtoto mchanga tumemzungumzia sana hapa redioni, na ni haki yake. Huyu wa mtoto mkubwa tunamsahau. Akisema titi linamuuma, anajibiwa: "Si umwachishe tu?" Akimwachisha, ndipo maumivu yenyewe yanapoanza, na hapo hana tena wa kumwambia.

Angalia siku ya kliniki. Mtoto anavuliwa nguo, anapimwa uzito, kadi inaandikwa, anapewa matone ya vitamini A. Akifika miezi 18 anachomwa sindano yake ya pili ya surua na rubela. Mama yupo pale amemshika mikono asipige mateke. Mara ngapi ameulizwa matiti yake yanaendeleaje? Foleni za wauguzi wetu ni ndefu, najua, na wengi wao wanajitoa kuliko tunavyowashukuru. Lakini swali hilo ni la sekunde chache, na mama asipoulizwa anarudi nyumbani na maumivu yake akidhani ni sehemu ya uzazi ambayo kila mwanamke huivumilia kimya.

Siyo lazima kuvumilia. Maumivu mengi ya kipindi hiki yana sababu inayojulikana, na mengi yanatokana na haraka.

Tuanze na mama ambaye hana mpango wa kuachisha. Mtoto ana miezi 10 au 11, kunyonyesha kulikuwa shwari, mara chuchu zinawaka moto. Tazama kwanza mdomoni mwa mtoto. Mtoto anayenyonya sawasawa hawezi kuuma, kwa sababu ulimi wake unakuwa umefunika meno ya chini. Huuma mwishoni, maziwa yakishapungua na yeye ameanza kucheza, au siku ambazo fizi zinamsumbua. Mama akishtuka na kumvuta, chuchu inachanika. Fanya kinyume chake: msogeze karibu zaidi na kifua, ataachia mwenyewe ili apate kupumua. Au pitisha kidole chako kidogo pembeni mwa mdomo wake, katikati ya fizi, halafu umtoe taratibu. Mwambie hapana kwa sauti ya kawaida, funika titi, mngoje kidogo. Watoto wengi huelewa baada ya siku chache. Na mtoto wa umri huu ana vituko vingine pia. Ananyonya amesimama, anageuza shingo kumtazama dada yake anayeingia mlangoni huku chuchu bado iko mdomoni. Mketishe vizuri, mnyonyeshe mahali patulivu, na hakikisha ameshika sehemu kubwa ya lile duara jeusi, asining'inie kwenye ncha ya chuchu.

Ukiona utando mweupe ndani ya mashavu ya mtoto usiofutika kirahisi, na wewe chuchu zinachoma hata baada ya kunyonyesha, huenda ni fangasi. Mama na mtoto watibiwe pamoja, la sivyo mtaambukizana bila mwisho.

Kuna maumivu yanayokuja na kuondoka kila mwezi. Mtoto akianza kula vizuri na kulala usiku kucha, hedhi ya mama hurudi, na kwa siku chache, yai linapopevuka au damu inapokaribia, chuchu huuma zikiguswa tu. Maziwa yanaweza kupungua kidogo siku hizo. Hayaharibiki, na mtoto aendelee.

Na kuna mimba. Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana wengi hunaswa kwa kuamini kwamba anayenyonyesha hashiki mimba. Kunyonyesha huzuia mimba kwa uhakika mkubwa pale tu mambo matatu yanapokuwapo kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, kinga imelegea. Isitoshe, yai la kwanza huweza kutangulia damu ya kwanza, kwa hiyo mama anaweza kushika mimba kabla hajaona hedhi hata moja tangu alipojifungua. Ikiwa mtoto wako ana mwaka na zaidi, na matiti yameanza kuuma ghafla bila jeraha wala uvimbe, pima mimba kabla hujatafuta mchawi.

Ukikuta unayo, usimng'oe mtoto titini siku hiyohiyo. Imani kwamba maziwa ya mwenye mimba humharibu anayenyonya imewatesa watoto wengi, na haina ukweli. Mama mwenye afya, ambaye mimba yake haina matatizo, anaweza kuendelea. Mwenye historia ya kujifungua kabla ya wakati, au anayetokwa na damu, azungumze na mkunga mapema. Mimba ikiendelea kukua maziwa hupungua na ladha hubadilika, na watoto wengi huacha wenyewe. Kumkata ghafla ndiko kwenye hatari. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari mmoja aitwaye Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu, wakabadilika ngozi na nywele. Walikuwa wameachishwa ziwa na kubaki na uji mtupu wa mahindi. Ni ugonjwa uleule ambao wengi wetu tunauita kwashakoo. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili bado anaweza kupata kama theluthi moja ya nguvu anayohitaji kutoka kwenye maziwa ya mama. Ukikata ghafla, theluthi hiyo itoke wapi?

Sasa tufike kwenye kuachisha kwenyewe.

Njia tuliyoizoea ni hii. Jumamosi mtoto anapandishwa basi na bibi yake, anakwenda Muheza au Kyela, "akasahau". Jumatatu asubuhi mama hawezi kuinua mkono kuanika nguo kwenye kamba. Matiti yamekaza mpaka kwapani, ngozi inang'aa, na mtoto wa jirani akilia tu, maziwa yanachuruzika yenyewe na blauzi inalowa. Anampigia simu mama mkwe wake kijijini.

"Shikamoo, mama. Mwenzenu matiti yananiua."

"Marahaba, mwanangu. Chukua kanga, funga, kaza sana. Wala usiyaguse. Siku tatu yatakauka yenyewe."

Mama mkwe huyu anasema alichofundishwa na mama yake, na anasema kwa mapenzi. Katika maneno yake kuna jambo la kweli, kwamba titi lisilokamuliwa mpaka likaisha hupunguza kazi yake. Titi hufanya kama mama ntilie mwenye hesabu zake: sufuria ikiisha leo, kesho anaongeza mchele, chakula kikibaki, kesho anapunguza. Ndani ya maziwa yenyewe mna kiambato ambacho, titi likijaa, huziambia seli zinazotengeneza maziwa zipunguze kasi. Lakini upungufu huo huja hatua kwa hatua, siku baada ya siku. Mtoto aliyekuwa ananyonya mara 5 Ijumaa hawezi kutoweka Jumamosi bila matiti kuendelea kutengeneza maziwa ya mtoto ambaye hayupo.

Na kanga iliyokazwa ndiyo hatari yenyewe. Kubana titi lililojaa hubonyeza mirija ya maziwa, maji ya mwilini yanakusanyika, uvimbe unazidi, na kutoka hapo mpaka titi kuwaka na mama kupata homa si mbali. Kinachotakiwa ni sidiria inayoshika vizuri bila kubana, isiyo na waya, hata usiku kama inakupa nafuu. Asiye nayo, kanga ni ruhusa, mradi iwe ya kubeba titi. Ukivua na kukuta imeacha mistari kwenye ngozi, ilikuwa imebana.

Kuachisha kusikoumiza kunahitaji muda. Ondoa mara moja tu ya kunyonya, kisha ukae nayo siku 3 mpaka wiki nzima, matiti yazoee, ndipo uondoe nyingine. Anza na ile ambayo mtoto haing'ang'anii, mara nyingi ni ya mchana anapokuwa na michezo mingi. Za mwisho ziwe ya kulalia na ya alfajiri, maana hizo ndizo anazozipenda. Asipoomba, usimpe, akililia kwa uchungu, usimnyime. Kwa mtoto wa mara 5 kwa siku, hesabu mwezi na zaidi. Akiugua au akichanjwa katikati, simama kwanza. Wakati huohuo chakula kiongezeke: milo 3 hadi 4 kwa siku, na kitu kidogo katikati, mara moja au mbili. Uji uwe mzito wa kutosha, wenye karanga, maziwa, yai au dagaa waliosagwa. Uji mwepesi hujaza tumbo na kumwacha mtoto na njaa yake, naye atarudi titini kwa haki kabisa.

Hata kwa mwendo huo, kuna siku titi litajaa. Hapo ukamue, ila kwa kipimo. Nawa mikono, kaa umeinama mbele kidogo, bakuli magotini. Weka kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini, nyuma kidogo ya ukingo wa duara jeusi, siyo kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi, maana kuteleza ndiko kunakochubua. Mwanzo yatatoka matone, baadaye yataruka. Zungusha vidole ili kila upande upate. Titi likilegea na ukaweza kupumua vizuri, acha hapo hapo, hata kama unajua maziwa bado yamo. Ukikamua mpaka mwisho, umeagiza mengine.

Baada ya hapo, baridi. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi na kukamuliwa, au barafu iliyofungwa ndani ya taulo, dakika 10 au 15, kisha pumzika. Wengi hukimbilia maji ya moto na kusugua kwa nguvu zote. Joto la muda mfupi kabla ya kukamua husaidia maziwa kutoka, lakini kukanda titi lililovimba kwa nguvu huongeza uvimbe. Ushauri wa wataalamu wa unyonyeshaji katika miaka ya karibuni umekaza sana jambo hili: mkono mwepesi, baridi, na kutokamua kupita kiasi.

Kabichi nayo? Ndiyo, majani ya kabichi hutumika, na akina mama wengi huapa kwamba yanawapoza. Utafiti juu yake si mkubwa, lakini baridi yake ni ya kweli na gharama yake ni ndogo. Bandua majani ya ndani, yaoshe vizuri, ponda kidogo ule mshipa mnene wa katikati, yatie kwenye friji au yaloweke maji ya mtungini, kisha yapange ndani ya sidiria ukiacha chuchu wazi. Yakinyauka, tupa. Usiyaweke penye kidonda.

Kwa maumivu, parasetamo ni salama kwa mama anayenyonyesha, na ibuprofeni vilevile kwa asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba. Kuhusu vidonge vya "kukausha maziwa", usinunue dukani kwa kuambiwa na shoga. Bromokriptini ilitumika sana zamani kwa kazi hiyo. Marekani iliacha kuiruhusu kwa kukausha maziwa katikati ya miaka ya 1990 baada ya taarifa za akina mama waliopata kiharusi, degedege na shida za moyo. Dawa za namna hii zina wakati wake, na wa kuamua ni daktari.

Shubiri na pilipili kwenye chuchu nitazisema waziwazi: sizipendi. Pilipili inachoma midomo na macho ya mtoto, na chuchu iliyochanika inaipata sawasawa. Shubiri haichomi hivyo, lakini kazi yake ni ileile ya kukata ghafla. Mtoto anakimbia titi, titi linabaki limejaa, na mama anarudi kulekule kwenye Jumatatu ya kanga.

Na baba yuko wapi katika haya yote? Mara nyingi yuko sebuleni akisubiri mtoto anyamaze. Wasikilizaji Waislamu wanaijua aya ya 233 ya Sura Al-Baqara. Inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, na inaeleza kwamba wazazi wakitaka kumwachisha kabla ya hapo, iwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Kwa hiyo kuachisha ziwa siyo habari ya chumbani kwa wanawake peke yao. Baba anaweza kumwogesha mtoto jioni, akambeba, akamlaza yeye kwa wiki mbili za mwisho za kuachisha, kwa sababu kifua cha mama kina harufu ya maziwa na cha baba hakina. Akiamka usiku kudai, baba ndiye aende na kikombe cha maji. Nimesikia wanaume wakisema mtoto hatawakubali. Usiku wa kwanza kweli atalia. Endelea naye tu.

Mwajiri naye anahusika. Akina mama wengi hawaachishi kwa kupenda. Wanaachisha kwa sababu saa 4 asubuhi matiti yamejaa na hakuna pa kwenda. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, iliyoweka likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, inamtaka pia mwajiri kumruhusu mama anyonyeshe ndani ya saa za kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Wengi hawajawahi kuambiwa. Muulize msimamizi wako, na kama ofisi ina chumba kidogo chenye kitasa na kiti, hicho kinatosha kukamulia maziwa.

Kwa mama anayeishi na VVU nina neno la pekee. Endelea na dawa zako bila kukosa hata siku moja. Titi likiwaka au chuchu ikipasuka, hatari ya kumwambukiza mtoto huongezeka, kwa hiyo upande huo usimnyonyeshe mpaka upone. Ukamue, mwaga, mpe upande mzima, na uende kliniki yako haraka. Muda wa kuachisha ukifika, usikate kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani linashauri kupunguza polepole ndani ya mwezi mmoja, na dawa za mtoto zifuate maelekezo ya kliniki.

Jambo jingine ambalo halisemwi: siku za mwisho za kuachisha, mama wengine hupatwa na huzuni wasiyoijua imetoka wapi. Homoni zinashuka, na kuna kitu kinakwisha kati yako na mwanao. Kulia si ujinga. Huzuni ikizidi wiki mbili, au usingizi na hamu ya kula vikipotea, iseme hospitalini kama unavyosema homa. Matone machache ya maziwa yanaweza kuendelea kutoka kwa wiki, hata miezi, baada ya kuacha. Hayo yasikutishe, na usiyakamue kuangalia kama bado yapo.

Sasa sikiliza dalili hizi vizuri, na umwambie jirani ambaye hana redio. Sehemu ya titi imekuwa nyekundu au, kwa ngozi nyeusi, imekolea rangi na inang'aa. Ina joto, inauma. Una homa na mwili unatetemeka kama mwenye malaria. Hapo titi limeshika uvimbe wa ndani, na huenda bakteria wameingia. Usimkatize mtoto kunyonya kwa ajili hiyo, ukiacha hali ya VVU niliyoitaja. Maziwa hayatamdhuru, na kukatiza ghafla kunaweza kuzaa jipu. Pumzika, weka baridi, kunywa maji, meza dawa ya maumivu. Zikipita saa 24 bila nafuu, au hali ikiwa mbaya tangu mwanzo, utahitaji antibiotiki, na umalize dozi yote hata kama siku ya tatu umepata nafuu. Pakibaki fundo linalobonyea na kuuma, huenda kuna usaha, na usaha hutolewa na mtaalamu hospitalini. Usipasue nyumbani kwa wembe.

Na fundo lolote linalobaki baada ya wiki mbili, liume lisiume, au wekundu usioondoka hata baada ya kumaliza dawa, au chuchu iliyoanza kuingia ndani, lionwe na daktari. Wapo wanawake ambao saratani yao ilichelewa kugunduliwa kwa sababu kila mtu, na wao wenyewe, walisema ni maziwa tu.

Kama unanisikiliza saa hizi, titi limewaka na mwili unatetemeka, mwachie mtu sufuria jikoni, mbebe mtoto, uende kituo cha afya jioni hii.